Ukanda mmoja, miguu kumi na miwili: funzo kwa shule zetu

Taifa letu limejaliwa wakimbiaji, na kwa miaka mingi limevuna sifa kutokana na miguu yao. Ni watoto wachache wa shule wasioweza kuyataja majina ya Kipchoge Keino, Catherine Ndereba, Eliud Kipchoge au Faith Kipyegon. Hata hivyo, ukichunguza jinsi tunavyoufunza mchezo huu shuleni utagundua jambo la kusikitisha. Tumewazoesha watoto wetu kuamini kwamba kukimbia ni shughuli ya mtu mmoja anayetafuta ushindi wake, na kwamba asiyeweza kushinda kazi yake ni kukaa kando ya uwanja na kupiga makofi.

Dai langu leo ni kwamba ugonjwa huu una dawa, na dawa yenyewe haina gharama kubwa. Ni mbio za kupokezana za barabarani. Nasema haya nikiwa mwalimu wa shule ya upili, na pia mwanachama wa klabu ndogo ya wakimbiaji wa kawaida. Katika klabu yetu hakuna aliyewahi kuvaa jezi ya taifa, wala hakuna anayeota kuivaa. Tuna walimu, wauguzi, mafundi na wazee waliostaafu. Nimeshiriki mbio za kupokezana mara nne pamoja nao, na niliyoyaona humo sijayaona katika mashindano mengine yoyote.

Yafaa kwanza nieleze mbio hizi ni zipi, maana wengi wetu tukisikia neno kupokezana tunawaza zile za uwanjani, ambamo wakimbiaji wanne hupeana kijiti na kila kitu kikamalizika kabla mtazamaji hajaketi vizuri. Mbio za barabarani huchukua saa nyingi. Mtindo unaotumika sana katika mashindano ya kimataifa ni kuugawa umbali wa marathoni, yaani kilomita 42.195, kwa watu sita. Wa kwanza hukimbia kilomita 5, wa pili 10, wa tatu 5, wa nne 10, wa tano 5, naye wa mwisho humaliza kilomita 7.195 zilizobaki. Badala ya kijiti huwa kuna ukanda wa kitambaa unaovaliwa begani ukapita kifuani hadi kiunoni. Mkimbiaji akikaribia kituo huuvua na kumkabidhi mwenzake anayemngoja.

Wajapani ndio waliouanzisha mtindo huu, nao huuita ekiden. Jina hilo linatokana na vituo vya kale vya barabarani, ambako wajumbe wa serikali walibadilisha farasi na kupokezana barua. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, masafa ya takriban kilomita 500, kuadhimisha miaka 50 tangu Tokyo ifanywe mji mkuu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1920, vyuo vikuu vilianza mashindano yao ya kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi. Hadi leo mbio hizo hukimbiwa kila tarehe 2 na 3 Januari, watu kumi kwa kila timu, na mamilioni ya Wajapani huketi mbele ya televisheni siku mbili mfululizo kuzitazama.

Sasa niseme niliyoyaonja mwenyewe. Mashindano ninayoyakumbuka zaidi yalianzia karibu na mstari wa Ikweta, kusini kidogo mwa mji wa Nanyuki, asubuhi ya Jumapili moja yenye baridi kali. Tulishika barabara ya kuelekea Naro Moru, tukapinduka huko na kurudi tulikotoka. Timu zilikuwa kumi na nne. Katika yetu alikuwamo fundi wa magari, muuguzi, polisi mmoja mstaafu tuliyemwita Mzee, kijana mwashi, mimi, na msichana wa kidato cha tatu ambaye ni mpwa wa yule muuguzi.

Msichana huyu ndiye aliyenifanya niandike makala haya. Shuleni kwao alikuwa katika kikosi cha mbio za nyika. Mashindano ya wilaya ndogo yalipokwisha, wale wanne waliofuzu walibaki wakifanya mazoezi, na wengine wote wakaambiwa warudishe jezi. Hakutukanwa, wala hakuonewa. Aliambiwa tu, kwa upole, kwamba msimu wake umekwisha. Ni jambo linalotendeka katika shule nyingi kila mwaka, na sisi walimu hulitenda bila kufikiri kwamba tumemnyang'anya mtu kitu.

Siku hiyo alipewa zamu ya tatu, kilomita 5. Fundi alikuwa amekimbia vyema katika zamu ya kwanza, naye mwashi akatia bidii zaidi katika ya pili, hata ukanda ulipomfikia msichana tulikuwa nafasi ya tano. Mimi nilikuwa ninangoja kituo cha mbele, kwa hiyo sikuyaona mapito yake. Nilichokiona ni timu ya sita ikipita kituoni, kisha ya saba, na kisha yeye akatokea kwenye mwinuko, mkono mmoja umeushika ukanda kifuani kana kwamba anahofia kuuangusha. Alikuwa ametumia dakika 26. Aliponikabidhi, ukanda ulikuwa umelowa jasho la watu watatu, nao ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia kitambaa kuwa.

Kwa mkimbiaji wa kawaida, kilomita 10 zina mahali pa hatari. Kwangu mimi ni kilomita ya saba. Hapo pumzi hupungua, mapaja huwa kama magogo, na akili huanza kumbembeleza mtu: punguza kidogo, nani atajua? Katika mbio za kila mtu kivyake nimelisikiliza shauri hilo mara nyingi, na kwa haki kabisa, kwa kuwa nafasi niliyoipoteza ilikuwa yangu. Siku hiyo shauri lilikuja kama kawaida, Mlima Kenya ukiwa upande wangu wa kulia na malori yakivuma kando. Lakini nilijua kwamba kilomita tatu mbele Mzee amesimama katika baridi amevaa kaptura, ametazama barabara, ananingoja. Sikuwa na ruhusa ya kuutoa kwa ukarimu muda usiokuwa wangu. Nilimpita mtu mmoja, nikapitwa na wawili, na nikafika kwa dakika 45.

Mzee alikuwa na umri wa miaka 63. Alipitwa na wawili. Kisha muuguzi akachukua zamu ya mwisho, akawafikia wawili na kuwapita. Tukawa wa tisa kati ya timu kumi na nne, kwa saa 3 na dakika 9. Hakuna gazeti lililoandika habari zetu, na hakuna aliyestahili kuziandika. Hata hivyo, yule msichana alipokuja kutazama ubao wa matokeo hakuuliza yeye amekuwa wa ngapi. Aliuliza, "Sisi tumetumia saa ngapi?" Mwalimu yeyote anayejua lugha atalitambua neno lenye uzito katika swali hilo. Ni lile la kwanza.

Tafakari hesabu iliyomo ndani ya mbio hizi. Dakika moja ya mkimbiaji hodari na dakika moja ya mkimbiaji dhaifu zina thamani ile ile kwenye saa. Hodari akipunguza sekunde 20, amezipunguza kwa wote. Dhaifu akipunguza sekunde 20, naye amefanya vivyo hivyo. Tena, kwa kawaida dhaifu ndiye mwenye sekunde nyingi za kupunguza. Kocha mwenye busara hawezi kumwacha mtu huyo na kuendelea na nyota wake peke yake. Atamfunza kwa sababu anamhitaji. Je, ni mchezo gani mwingine shuleni unaomlazimisha mwalimu amtazame mwanafunzi wa mwisho kwa jicho hilo?

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wajapani, na kwamba sisi tuna desturi zetu. Ukweli ni kwamba Wakenya wanazijua mbio hizi kuliko mataifa mengi. Mashindano ya dunia ya kupokezana barabarani yalipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992 huko Funchal, katika kisiwa cha Madeira, wanaume wa Kenya ndio walioshinda. Walishinda tena Copenhagen mwaka 1996 na Manaus, Brazil, mwaka 1998. Mnamo Novemba 2005, katika mji wa Chiba, Japani, Wakenya sita waliumaliza umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 6, muda uliowekwa katika vitabu kuwa rekodi ya dunia.

Isitoshe, baadhi ya vijana wetu walilelewa na mbio hizo. Samuel Wanjiru alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa mvulana wa miaka 15, akasoma katika shule ya upili ya Sendai Ikuei na kuikimbilia katika mbio za kupokezana. Mwaka 2008 aliishindia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, huko Beijing. Kabla yake Douglas Wakiihuri, aliyefunzwa huko huko Japani, alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Roma mwaka 1987. Hadi sasa kampuni za Kijapani huwaajiri wakimbiaji wetu ili wavae kanda zao. Tumewapa wengine wapokezanaji hodari, ilhali watoto wetu wengi humaliza shule bila kuugusa ukanda hata siku moja. Mganga amewatibu majirani, na nyumbani kwake watoto wanakohoa.

Sisemi kwamba tuige kila kitu. Huko Hakone kuna kanuni moja ngumu: timu ikichelewa mno nyuma ya kiongozi, mkimbiaji wake anayengoja kituoni huamriwa aondoke na ukanda wa akiba. Mwenzake hufika dakika chache baadaye, ukanda u mkononi, na hakuna wa kuupokea. Wengi huanguka hapo wakilia. Ninaielewa sababu ya kanuni hiyo, kwa kuwa barabara haziwezi kufungwa kutwa, lakini singependa kumwona mtoto wa kidato cha kwanza katika hali hiyo.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mnamo Oktoba 2018, katika mbio za wanawake zilizofanyika Fukuoka, mkimbiaji mmoja alivunjika mfupa wa mguu kabla hajafika kituoni. Alitambaa kwa mikono na magoti juu ya lami, magoti yakitoka damu, mpaka akamkabidhi mwenzake ukanda. Kuna waliomsifu. Mimi nilipoiona picha hiyo niliwaza kwamba mtu mzima alipaswa kumzuia. Kifungo kinachomfanya mtu ajitahidi ndicho hicho hicho kinachoweza kumfanya ajiumize. Kwa hiyo shule itakayoanzisha mbio hizi haina budi kuweka sheria ya kwanza kabla ya zote: aliyeumia husimama, timu nzima humwendea, na hakuna anayelaumiwa. Mwanafunzi asiyefunzwa hilo hajafunzwa umoja, amefunzwa woga.

Pingamizi la pili nimelisikia katika chumba cha walimu, nalo limevikwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wenzangu wanaohoji hivyo wanaogopa kwamba wavivu watajificha nyuma ya hodari. Mimi naona kinyume chake. Katika kazi ya kundi darasani mvivu anaweza kujificha, maana jina lake huandikwa pamoja na ya wengine na hakuna ajuaye nani alifanya nini. Katika mbio za kupokezana kila mmoja ana umbali wake, ana saa yake, na akiwa barabarani yuko peke yake mbele ya macho ya watu. Wote hubeba mzigo mmoja, lakini kila mtu ana kipande chake ambacho hakuna mwingine awezaye kumbebea. Sidhani kuna mfano bora wa uraia kuliko huo.

Tunahitaji mfano huo sana. Katika riadha yetu wenyewe tumeaibishwa na wingi wa wanariadha waliofungiwa kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, hata serikali ikalazimika kuunda shirika la kupambana nazo mwaka 2016. Kila mmoja wao alidhani kwamba jambo hilo ni siri yake na mwili ni wake. Mbio za kupokezana hufundisha vingine. Mwaka 2017 Jamaika ilinyang'anywa dhahabu ya mita 100 mara nne ya Olimpiki ya Beijing, kwa sababu mmoja wa wakimbiaji wake alipatikana na dawa iliyokatazwa. Usain Bolt, ambaye hakuhusika kamwe na kosa hilo, alirudisha medali yake. Mwanafunzi akikielewa kisa hicho vizuri, atawaza mara mbili siku atakapotiwa kishawishini, iwe ni uwanjani au katika chumba cha mtihani.

Je, tutazikimbia wapi? Naam, barabara zetu si salama. Matatu na bodaboda hazitamsubiri mtoto mwenye ukanda, na kuzifunga barabara kuu kwahitaji kibali, polisi wa trafiki na fedha ambazo shule hazina. Lakini hakuna sheria inayosema lazima tukimbie kwenye lami. Shule nyingi zina kijia kinachozunguka ua, au barabara ya murramu isiyo na magari alasiri. Mzunguko wa kilomita moja au mbili watosha kabisa. Kila mkimbiaji ataufanya mara moja au mara mbili, na kituo cha kupokezana kitakuwa pale pale langoni, ambapo mwalimu mwenye saa anawaona wote.

Napendekeza basi, tena kwa heshima, kwamba kila shule itenge Jumamosi moja katika kila muhula. Kila darasa litoe timu ya watu sita, wavulana kwa wasichana pale shule ilipo ya mchanganyiko. Watatu wachaguliwe kwa mbio zao, na watatu wachaguliwe kwa kura ya bahati nasibu, ili lisiwepo darasa litakaloweza kuwaficha wanyonge wake. Wanafunzi wenyewe wapange nani atakimbia zamu ipi, maana kupanga huko nako ni somo la kumjua mwenzako. Walimu nao watoe timu yao, na wapishi na walinzi wakiweza watoe yao. Ukanda ushonwe kutokana na sare kuukuu. Zawadi isiwe fedha.

Gharama ya jambo hili ni kitambaa, saa moja na alasiri moja. Mtaala wa umilisi umeipa michezo nafasi yake, hata ukaifanya kuwa sehemu ya mojawapo ya njia tatu katika shule za sekondari ya juu. Itakuwa hasara ikiwa njia hiyo itabaki kuwa ya wachache wenye vipaji, huku wengine wakihesabiwa kuwa watazamaji kama zamani. Michezo ya shule haikuwekwa ili itutafutie mabingwa tu. Mabingwa watapatikana, nchi hii haijawahi kuwakosa.

Walimu wenzangu, tuna watoto wengi sana waliokwisha kuambiwa warudishe jezi. Wako madarasani mwetu, wamenyamaza, na miguu yao bado ni mizima. Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu wa michezo awaite. Shoneni ukanda, pimeni njia, mwendeni kwa mwalimu mkuu mkiwa sita, na wa kwanza kusema awe yule mnayemwona kuwa mzito kuliko wote. Mkono mmoja haulei mwana, na mguu mmoja haukimbii mbali.